Alichokifuta Samuel Beckett

Kitabu kimekwisha kuchapishwa, tamthilia imekwisha kuigizwa katika nchi nyingi, na mwandishi mwenyewe amekwisha kufariki. Daftari alilokuwa akiandikia, lenye mistari iliyokatwakatwa na michoro pembeni, lina faida gani tena? Wasomaji wengi huuliza swali hili, na wana haki ya kuuliza, kwa sababu daftari la namna hiyo huweza kugharimu fedha nyingi za umma.

Mfano mmoja ni wa Julai 2013. Kwenye mnada wa Sotheby's mjini London, Chuo Kikuu cha Reading cha Uingereza kilitoa pauni 962,500 kununua madaftari sita ya kawaida. Ndani yake Samuel Beckett, mtunzi wa tamthilia kutoka Ireland, alikuwa ameandika kwa mkono riwaya yake Murphy, aliyoianza mwezi Agosti 1935 na kuichapisha mwaka 1938. Riwaya hiyo inapatikana dukani kwa bei ya chakula cha mchana. Madaftari yana kitu kingine: mhusika mkuu hapo mwanzo anaitwa Sasha Murphy, mianzo inaandikwa na kutupwa, kurasa nzima zinapigwa mistari, na pembeni kuna michoro ya mwandishi James Joyce na ya mchekeshaji Charlie Chaplin, iliyochorwa na kijana ambaye sentensi zake zilikuwa zimekataa kwenda.

Jibu langu kwa swali hilo ni kwamba kitabu kilichochapishwa hutuonyesha mwandishi alikofika, na karatasi zake hutuonyesha alichokikataa njiani. Kwa waandishi wengi tofauti hiyo ni ndogo. Kwa Beckett ni kubwa mno, kwa sababu kukataa ndiko kulikokuwa njia yake ya kuandika.

Mtu mwenyewe

Beckett alizaliwa tarehe 13 Aprili 1906 huko Foxrock, kusini mwa jiji la Dublin. Alisoma Kifaransa na Kiitaliano katika chuo cha Trinity mjini humo, akafundisha kwa muda mfupi, akaacha. Mwaka 1937 alihamia Paris moja kwa moja. Aliandika kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, na mara nyingi alitafsiri kazi zake mwenyewe kutoka lugha moja kwenda nyingine. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1969, na akafariki Paris tarehe 22 Desemba 1989.

Kazi yake inayojulikana zaidi ni Waiting for Godot, ambayo kwanza iliandikwa kwa Kifaransa kwa jina la En attendant Godot. Watu wawili maskini, Vladimir na Estragon, wako barabarani karibu na mti mmoja. Wanamngoja mtu anayeitwa Godot. Hafiki. Kesho yake wanamngoja tena, na hafiki tena. Watazamaji hutoka ukumbini wakiulizana: hawa ni nani, hapa ni wapi, na Godot ni nani? Beckett hakuwahi kujibu. Karatasi zake nazo hazijibu, ila zinatueleza jambo lililo karibu sana na jibu.

"Karatasi za mwandishi" ni nini?

Wanaofanya kazi katika hifadhi za nyaraka, yaani mahali panapotunza maandishi asilia ili watu wayasome vizazi na vizazi, hutumia maneno hayo kwa maana pana. Ni kila kitu kilichoandikwa na mwandishi au kilichomfikia, kiwe cha kazi au cha nyumbani. Kwa Beckett tunazungumzia vitu hivi:

- miswada, yaani maandishi ya mkono ya kazi yenyewe, pamoja na rasimu, ambazo ni hatua za kazi kabla haijakamilika, nyingine zikiwa zimepigwa taipu;
- shajara, yaani daftari la mambo ya kila siku;
- barua kwa marafiki, ndugu, wachapishaji, waigizaji na watafsiri;
- madaftari aliyoyaandaa alipokuwa anaongoza maonyesho mwenyewe;
- nyaraka za ofisi, kama mikataba na majibizano na serikali.

Hizo za mwisho zisidharauliwe. Hadi mwaka 1968 hakuna tamthilia iliyoweza kuonyeshwa hadharani Uingereza bila kibali cha ofisi ya Lord Chamberlain, afisa wa kasri la mfalme. Mwaka 1958 ofisi hiyo ilikataa kuruhusu tamthilia ya Endgame kwa Kiingereza kwa sababu mhusika mmoja, baada ya kuomba dua isiyojibiwa, anamwita Mungu mwanaharamu. Barua zikaenda na kurudi kwa miezi. Mwishowe Beckett alikubali kuweka tusi jingine, la nguruwe. Faili za ofisi hiyo ziko leo katika maktaba ya taifa ya Uingereza, na zinatuambia mambo kuhusu Uingereza ya wakati ule ambayo tamthilia yenyewe haiwezi kuyasema.

Jina lililokuwa Lévy

Beckett alianza kuandika En attendant Godot tarehe 9 Oktoba 1948, akamaliza tarehe 29 Januari 1949. Tunazijua siku hizo kwa sababu alizitia mwenyewe kwenye daftari, ambalo sasa liko katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Katika sehemu ya kwanza ya mswada huo, Estragon haitwi Estragon. Anaitwa Lévy.

Lévy ni jina la Kiyahudi linalojulikana na kila mtu nchini Ufaransa. Kumbuka mwaka ulikuwa 1948. Miaka michache nyuma, Wajerumani walipoikalia Paris, Wayahudi walikamatwa majumbani mwao na kupelekwa kwenye kambi za mauti. Beckett hakusikia habari hizo redioni tu. Mwaka 1941 alijiunga na kikundi cha siri kilichokuwa kikikusanya taarifa dhidi ya Wajerumani, na kazi yake ilikuwa kuzipanga, kuzitafsiri na kuzipiga taipu. Aliyemwingiza humo alikuwa rafiki yake wa siku nyingi, Alfred Péron. Agosti 1942 kikundi kilisalitiwa. Péron alikamatwa, na mkewe akapeleka onyo kwa Beckett, ambaye alitoroka Paris pamoja na mwenzake Suzanne. Péron alipelekwa kambi ya Mauthausen, akafariki tarehe 1 Mei 1945, siku chache baada ya kukombolewa. Rafiki mwingine, Paul Léon, Myahudi aliyekuwa msaidizi mkubwa wa James Joyce, aliuawa Auschwitz.

Beckett na Suzanne walijificha katika kijiji cha Roussillon, kusini mwa Ufaransa, hadi vita vilipokaribia kwisha. Huko walisaidia kazi za shamba, na walingoja kwa miaka. Huko pia Beckett aliendelea kujaza madaftari ya riwaya iitwayo Watt, ambayo kurasa zake zimejaa michoro kama kurasa za mtu asiyejua kama ataishi kuona kitabu kikichapwa.

Sasa rudi kwenye jukwaa. Mwanzoni mwa tamthilia Estragon anasema amelala usiku mtaroni, na watu wasiotajwa wamempiga. Katika kitabu kilichochapishwa kipigo hicho hakina sababu wala wakati. Katika daftari la 1948, aliyelala mtaroni na kupigwa ni Lévy.

Hapa inafaa kwenda polepole, maana nimeona watu wakikimbia. Wapo wanaosema kwamba basi siri imefichuka: Godot ni tamthilia ya vita na mateso ya Wayahudi, na haya mengine ni pazia. Sikubaliani nao. Beckett aliweza kuliacha jina hilo, na aliamua kulitoa. Rasimu haina ukweli zaidi kuliko kazi iliyokamilika, kwa sababu ni njia ambayo mwandishi aliijaribu akaiacha. Lakini wale waliodai kwa miaka mingi kwamba Beckett aliandika kuhusu binadamu wa popote na wa wakati wowote, asiye na nchi wala historia, nao daftari hili linawasahihisha. Alianza na mtu fulani, mahali fulani, mwaka fulani. Kisha akafuta. Ule utupu tunaouona jukwaani ni kazi ya mkono.

Shajara nazo zinasaidia. Kati ya Septemba 1936 na Aprili 1937 Beckett alizunguka Ujerumani ya Hitler akitazama picha katika makumbusho, na kila siku aliandika alichoona: picha zipi bado zimetundikwa, zipi zimeondolewa kwa amri ya serikali. Madaftari sita ya shajara hiyo hayakujulikana hadi baada ya kifo chake, yalipokutwa ndani ya sanduku la safari. Februari 1937, akiwa Dresden, aliandika kuhusu mchoro mdogo wa Caspar David Friedrich unaoonyesha wanaume wawili wakiutazama mwezi, karibu na mti uliopinda. Karibu miaka 40 baadaye alimwambia msomi mmoja aliyekuwa rafiki yake kwamba Godot ilitokana na mchoro wa Friedrich. Kauli ya mzee kuhusu ujana wake inaweza kupotoshwa na kumbukumbu. Shajara inathibitisha kwamba kweli alisimama mbele ya mchoro huo, na kwamba ulimgusa.

Picardy, na habari ya roketi

Kama Lévy angekuwa mfano pekee, tungesema ni bahati tu. Siyo pekee.

Katika Endgame watu wanne wamefungiwa chumbani, mmoja kipofu asiyeweza kusimama, mwingine asiyeweza kukaa, na wazee wawili ndani ya mapipa ya taka. Nje hakuna uhai. Dunia imekwisha, na hatuambiwi kwa nini. Lakini katika rasimu moja ya mapema iliyoko Reading tunaambiwa tupo wapi: ni Picardy, kaskazini mwa Ufaransa, katika nchi iliyobomolewa hatua kwa hatua na Vita vya Kwanza vya Dunia. Beckett aliijua miji iliyobomolewa. Mara tu baada ya Vita vya Pili alifanya kazi katika hospitali ya Msalaba Mwekundu wa Ireland huko Saint-Lô, mji wa Normandy uliokuwa umesagwa na mabomu mwaka 1944. Rasimu zilivyosonga mbele, Picardy ilitoweka, vita vikatoweka, chumba kikabaki.

Happy Days, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza New York mwezi Septemba 1961, ni ya mwanamke aliyefukiwa kwenye kichuguu cha udongo hadi kiunoni, kisha hadi shingoni, huku akizungumza kwa uchangamfu. Kitu gani kimemfukia? Katika tamthilia hakitajwi. Katika rasimu za mwanzo mumewe anamsomea gazetini habari za roketi zilizoanguka. Ilikuwa miaka ya hofu ya mabomu ya nyuklia, na kila mtazamaji wa New York angeelewa mara moja. Huenda ndiyo sababu ya kuiondoa. Mtazamaji aliyekwisha kuelewa huacha kutazama.

Kwa ufupi:

- Rasimu za Beckett mara nyingi zina majina, mahali na sababu ambazo kazi iliyokamilika haina.
- Aliandika kwa kupunguza, na historia ya karne yake ndiyo aliyokuwa akiipunguza.
- Rasimu haifuti maana ya kazi iliyochapishwa. Inaipa uzito.

Mzee na kinasa sauti chake

Beckett mwenyewe aliandika tamthilia kuhusu mtu na hifadhi yake. Inaitwa Krapp's Last Tape. Krapp, mzee wa miaka 69, ana desturi ya kurekodi sauti yake kila siku yake ya kuzaliwa, akieleza mwaka uliopita. Mikanda ameipanga kwenye masanduku yenye namba, na ana leja kubwa inayoeleza kila mkanda una nini. Usiku huu anatafuta sanduku la tatu, mkanda wa tano: sauti yake akiwa na miaka 39. Anasoma maelezo kwenye leja na mengine hayaelewi tena, ingawa aliyaandika yeye. Anasikiliza, anaruka sehemu anazozichukia, anarudia sehemu moja, ya mwanamke ndani ya mashua.

Karatasi zinaonyesha jinsi tamthilia hii ilivyoanza. Desemba 1957 Beckett alisikia redio ya BBC ikirusha dondoo za riwaya yake Molloy, zikisomwa na mwigizaji Patrick Magee, mtu wa Armagh. Sauti ile, nzito na ya kukwaruza, ilimkaa. Kwenye daftari lililoko Reading kuna mwanzo ulioandikwa tarehe 20 Februari 1958, na kichwa chake ni Magee Monologue. Kabla mhusika hajapata jina, tayari alikuwa na koo la mtu fulani. Beckett alikuwa mgeni kabisa wa vinasa sauti, kwa hiyo aliwaandikia watu wa BBC kuomba maelekezo ya jinsi mashine hiyo inavyoendeshwa. Alihitaji kujua mkono wa mzee utafanya nini hasa: atabonyeza wapi, mkanda utazunguka upande gani, kurudi nyuma kunachukua muda gani. Kisha kikatokea kikwazo kingine. Mzee anasikiliza mkanda wa miaka 30 iliyopita, na mwaka 1958 hakuna mtu wa kawaida aliyekuwa na mikanda ya umri huo. Ndiyo maana Beckett akaiweka tamthilia katika wakati ujao. Wapo wasomaji walioitafutia falsafa nzito hatua hiyo. Chanzo chake ni hesabu ya miaka ya mashine.

Katika mkanda ule, Krapp anasimulia siku mama yake alipofariki katika nyumba iliyo kando ya mfereji, naye akiwa amekaa nje kwenye benchi. Mama yake Beckett alifariki Agosti 1950 katika nyumba ya wagonjwa iliyo kando ya mfereji mkubwa wa Dublin. Hiki Beckett hakukifuta. Alikiondolea jina la jiji tu.

Daftari jekundu la Berlin

Watu hudhani tamthilia ikishachapishwa imefungwa. Nyaraka za kazi za Beckett, hasa madaftari yake ya uongozaji, zinakanusha.

Mwaka 1975 aliiongoza Godot mwenyewe, kwa Kijerumani, katika ukumbi wa Schiller-Theater mjini Berlin. Kabla ya mazoezi aliandaa daftari lenye jalada jekundu na kuichambua tamthilia yake kama vile imeandikwa na mtu mwingine. Aligawa sehemu ya kwanza katika vipande sita, A1 hadi A6, na ya pili katika vitano, B1 hadi B5. Alichora kwa mishale kila mwendo wa kila mwigizaji. Alihesabu mara ngapi Estragon anasinzia, mara ngapi wanautazama mti, mara ngapi wanasema waondoke na hawaondoki. Aliweka nyakati ambazo kila kitu jukwaani kinasimama kimya, ili watazamaji wauone kwa macho ule ungojaji.

Akabadilisha mambo. Katika kitabu, Estragon yuko peke yake mwanzoni na Vladimir anaingia. Berlin, wote wawili walikuwepo pazia lilipofunguka, kana kwamba wamekuwa hapo tangu jana. Aliwavalisha nguo zisizooana: mmoja ana koti la suti ambayo suruali yake amevaa mwenzake, na katika sehemu ya pili wanabadilishana. Mistari kadhaa aliifuta kabisa, miaka zaidi ya 20 baada ya kuichapisha. Ulimwengu ulikuwa umekwisha kukubali kwamba Godot ni kazi kubwa, naye bado alikuwa na kalamu mkononi.

Jambo hili linawapa taabu waongozaji. Beckett aliyekuwa mwepesi kubadilisha kazi zake alikuwa mkali kwa wengine waliozibadilisha. Mwaka 1984 ukumbi mmoja huko Cambridge, Massachusetts, uliiweka Endgame ndani ya kituo cha treni ya chini ya ardhi, na ugomvi ulikaribia kufika mahakamani. Mwisho wake onyesho liliendelea, lakini kauli ya Beckett ya kulikataa ikachapwa kwenye kijitabu walichopewa watazamaji. Mwaka 1988 aliwashtaki Waholanzi waliotaka wanawake waigize Godot, akashindwa. Nikiyasoma madaftari yake naelewa ukali huo hata ninapoona umezidi. Mtu aliyehesabu kila hatua hawezi kuona mwendo mwingine kama jambo dogo.

Zilivyotawanyika, zilivyokusanywa

Msomaji atauliza: karatasi za mtu wa Dublin aliyeishi Paris zimefikaje Reading, na nyingine hadi Texas, Marekani? Beckett hakuwa mtu wa kujilimbikizia. Aliwapa marafiki miswada yake, mara nyingine ili wakiwa na shida wauze. Mnunuzi mmoja mwenye bidii alikuwa Jake Schwartz, daktari wa meno wa zamani aliyegeuka muuza vitabu adimu. Beckett alimwita Mng'oaji Mkuu. Mengi aliyoyang'oa yaliishia katika Harry Ransom Center, hifadhi ya Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, ambako pia yako madaftari ya Watt yaliyoandikwa wakati wa vita.

Reading ilianza kwa njia tofauti. Mwaka 1971 mwalimu wa Kifaransa chuoni hapo, James Knowlson, aliandaa maonyesho kuhusu Beckett. Beckett alipendezwa, akaanza kumpa karatasi moja baada ya nyingine bila malipo. Kutokana na maonyesho hayo ikajengwa hifadhi kubwa kuliko zote za Beckett. Knowlson baadaye aliandika wasifu wa Beckett kwa ridhaa yake, akautoa mwaka 1996.

Kutawanyika huku kulikuwa na hasara ya wazi. Rasimu ya kwanza ya kazi moja ingeweza kuwa Ulaya na ya pili Marekani, na asiye na nauli asingeweza kuzilinganisha. Tangu mwaka 2011 vyuo vikuu vya Antwerp na Reading vimekuwa vikizikusanya kwenye mtandao, picha ya ukurasa upande mmoja na maandishi yaliyosomeka upande wa pili, kazi moja baada ya nyingine. Sasa mwanafunzi anaweza kufuata sentensi ya Godot kutoka daftarini hadi kitabuni akiwa amekaa mahali pamoja.

Barua ni mali ya nani?

Hili ndilo swali ambalo watu huniuliza kwa hisia zaidi, na ni sawa, kwa sababu kila mmoja wetu amewahi kuandika kitu ambacho hangetaka jirani akisome.

Sheria hutenganisha vitu viwili. Barua kama karatasi ni mali ya aliyetumiwa. Anaweza kuitunza, kuiuza au kuichoma. Maneno yaliyomo ni mali ya aliyeandika, na baada yake ni ya warithi wake. Haki hiyo juu ya maneno huitwa hakimiliki. Katika nchi za Umoja wa Ulaya hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi, kwa hiyo ya Beckett itaendelea hadi mwisho wa 2059. Ndiyo maana maktaba inaweza kuwa na barua, ikakuruhusu kuisoma, na isiweze kukuruhusu kuichapa.

Beckett aliandika barua nyingi ajabu. Wahariri waliozitafuta waliona zaidi ya 15,000. Mwaka 1985 aliwaruhusu kuzichapisha kwa sharti moja: zitoke zile tu, au sehemu zile tu, zinazohusu kazi yake. Sharti lilisikika jepesi. Lakini Jérôme Lindon, mchapishaji wake wa Paris na msimamizi wa kazi zake, alilielewa kwa ukali: kazi ni kazi, inayotajwa kwa jina. Wahariri walisema maisha ya mwandishi huyu hayakatiki hivyo. Ubishi huo ulichukua miaka. Lindon alifariki mwaka 2001, na juzuu nne za barua zikatoka kati ya 2009 na 2016, zikiwa na barua kama 2,500.

Mimi naziheshimu pande zote mbili. Sharti la Beckett lilikuwa la haki, na aliliweka akiwa hai na mwenye akili timamu, jambo ambalo waandishi wengi hawalifanyi hadi wanawaachia wajane na watoto ugomvi. Lakini barua zenyewe zinaonyesha kwa nini ni vigumu kulitimiza. Chukua zile zaidi ya 300 alizomwandikia rafiki yake, mshairi Thomas MacGreevy, ambazo ziko Trinity, Dublin. Katika miaka ya 1930 anamweleza jinsi moyo unavyomwenda mbio usiku, jinsi alivyokwenda London kutibiwa na daktari wa akili Wilfred Bion kwa fedha za mama yake, na jinsi Murphy inavyoendelea. Murphy ni riwaya ya mtu anayefanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Ipi katika barua hiyo ni habari ya ugonjwa, na ipi ni habari ya kazi?

Barua kwa Barbara Bray ni ngumu zaidi. Bray alihariri miswada ya tamthilia katika redio ya BBC, kisha akawa mtafsiri mjini Paris. Alikuwa mshauri wa Beckett katika kazi, na pia alikuwa mpenzi wake kwa miaka mingi. Barua zaidi ya 700 alizomwandikia ziko Trinity pia. Beckett alimwandikia kuhusu sentensi iliyomshinda, mwigizaji aliyepatikana, hali ya hewa, uchovu na hamu ya kumwona, na mara nyingi yote hayo yamo katika ukurasa mmoja. Baadhi ya maelezo bora kabisa tuliyonayo kuhusu jinsi tamthilia zake za baadaye zilivyoandikwa yamo humo, kwa sababu alimwamini. Kuaminiana kule ndiko kulikozaa maelezo, na ndiko sharti linakotaka tukufumbie macho.

Wahariri walichapisha nyingi, na pale sharti lilipowabana walikata, wakiweka alama kuonyesha kwamba hapa pana maneno yaliyotolewa. Anayetaka kuyasoma sharti aende Dublin, aombe nafasi katika chumba cha kusomea miswada, aache kalamu ya wino nje na kuingia na penseli, kisha apambane na mwandiko wa Beckett, ambao ni mbaya kiasi kwamba hata waliozoea kuusoma kwa miaka mingi bado wanabishana kuhusu maneno fulani.